Constantin Mugisho Hakulishwa Sumu

Ndugu, majirani, wachungaji, na ninyi wengine mliokuja kuangalia kama mjane atalia machozi ya kweli, nawasalimu wote. Mimi ni Pascaline, dada mkubwa wa marehemu. Wasifu uliotakiwa kuwa ndani ya programu mliyoshika uliandikwa na mdogo wangu Déo. Ulikuwa mistari michache, na ulimalizika kwa kusema kwamba ndugu yetu alifariki "kwa sababu inayojulikana na Mungu peke yake." Nilikwenda kwa mchapaji, nikauondoa, nikaweka huu. Sababu hiyo Mungu anaijua, ndiyo, lakini hata daktari wa Mbarara anaijua, mimi naijua, na kabla sijakaa kila mtu aliyesimama hapa kaburini ataijua.

Constantin Mugisho alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Burhale, Walungu, Kivu ya Kusini. Alikuwa mtoto wa pili wa baba yetu Nehemiya na mama yetu Nabintu, wote wametangulia mbele ya haki. Mimi nilimtangulia, Déo akamfuata. Tangu utoto Constantin alikuwa mtu wa kuwaachia wenzake. Akipewa muhogo wa kuchoma, alikula ncha na kumpa Déo katikati, kisha akasema yeye ndiye anayependa ncha. Hakuna mtu anayependa ncha ya muhogo. Mama alijua, mimi nilijua, na Déo naye alijua, ila aliendelea kula.

Marehemu alisoma shule ya msingi ya misheni pale Burhale kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha akaingia sekondari Walungu. Alikuwa na akili ya hesabu na mwandiko mzuri. Baba alipofariki mwaka 1987, karo ikatosha mtoto mmoja tu. Constantin alirudisha sare yake nyumbani ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi, akaenda kulima, na Déo akaendelea mpaka akamaliza. Elimu hiyo ndiyo iliyomwezesha Déo kuandika ile mistari michache.

Mwaka 1993 alimwoa Marie, binti wa Walungu, mwanamke mpole ambaye sisi sote tulimpenda. Tarehe 3 Februari 1995 walimpata mtoto wao Patient. Vita vilipotufikia mwezi wa Oktoba 1996, tulikimbia kwa miguu hadi Uvira na kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Déo alikuwa amechomwa na mti mguuni, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari hiyo alibebwa mgongoni. Nadhani hamhitaji niwaambie mgongo ulikuwa wa nani. Marie alifariki kambini Kigoma mwaka 1997 kwa malaria. Hata wakati ule kulikuwa na mama mmoja aliyeona maono kwamba Marie amerogwa na jirani wa hema la pili. Kwetu malaria haijawahi kuua mtu bila jina la jirani ndani yake. Constantin alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akaenda kumsaidia jirani wa hema la pili kuchota maji.

Mwaka 1999 tuliingia Uganda kwa kupitia Kikagate, tukaandikishwa na kupewa viwanja hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Wakati huo kiwanja cha marehemu kilikuwa miiba na kichuguu. Alikisafisha, akapanda mahindi na maharagwe, na kuanzia mwaka 2002 akawa pia mwendeshaji wa mashine ya kusaga ya tajiri mmoja wa hapa. Mwaka 2009 akawa na mashine yake mwenyewe. Watu walitoka hadi upande wa Rugaaga na magunia yao kwenye baiskeli, wakazipita mashine nyingine njiani, kwa sababu kwa Constantin unga uliotoka ulikuwa sawa na mahindi yaliyoingia. Wenye mashine wengine mko hapa, na kwa nini watu waliwapita mnajua wenyewe.

Kelele za mashine zilimharibu masikio. Alizungumza kwa sauti kubwa bila kujua, na sisi tulizoea. Jumapili moja, kabla hajapata mashine yake mwenyewe, mchungaji aliomba kila mtu amwombe Mungu kimya, moyoni mwake, juu ya haja yake. Kanisa likanyamaza. Constantin naye akaamini kwamba ananyamaza, na sisi wote tukamsikia akimweleza Mungu kwamba kuna mwanamke Munyankore anayeleta ndizi na maziwa sokoni, anaitwa Topista, ana meno mazuri, na kama Bwana ana nafasi wiki hii amlainishe moyo. Mchungaji alishindwa kumalizia ibada kwa kucheka. Siku ya soko Topista alikuwa ameshaletewa habari, maana hapa habari haihitaji baiskeli. Alipeleka mahindi yake kusagwa, na alipoulizwa unga wa nani akajibu, "Ni ya ule mwenye meno muzuri." Marehemu alimwomba arudie, na Topista akarudia kwa sauti ya juu mbele ya foleni yote.

Topista ni binti wa mzee Byaruhanga, sajenti mstaafu. Alizaliwa na kukulia kambi ya jeshi Mbarara, na baba yake alipostaafu walihamia Masha kwenye ng'ombe wao. Ndiyo maana Kiswahili chake ni kile cha askari, na wapo wajuzi wa lugha miongoni mwetu ambao wamemcheka kwa miaka minane. Tulipokwenda Masha kuposa, mzee Byaruhanga alimtazama marehemu mikono, si uso, kisha akauliza swali moja tu: "Wewe nakunywa pombe ama nafanya kazi?" Constantin hakusikia vizuri, akaitikia ndiyo kwa yote mawili. Mzee alisema angalau huyu hadanganyi. Ndoa ilifungwa kanisani hapa Nakivale tarehe 12 Agosti 2006. Binti yao Angella alizaliwa tarehe 21 Mei 2008, na wiki ijayo atatimiza miaka sita bila baba.

Sasa nafika mahali ambapo niliombwa nipite haraka. Sitapita haraka.

Tarehe 7 Aprili mwaka huu wa 2014 marehemu alikuwa akirekebisha paa la mashine, na bati likamchana mguu chini ya goti. Kidonda kilitunga usaha. Alikwenda kwa mwenye duka la dawa aliye karibu na soko, yule mnayemwita docteur, ambaye kabla ya kuwa docteur alikuwa akichaji simu. Jina lake silitaji kwa sababu anapenda sana kutajwa. Alimpa vidonge vya ampisilini, vile vya rangi mbili, dawa ya kuua vijidudu. Nitamtendea haki hata yeye: dawa ilikuwa dawa kweli, na kidonda kilikauka. Kama mambo yangeishia hapo, leo tungekuwa tunavuna maharagwe.

Kabla dozi haijaisha, homa ilirudi. Ngozi ikatoka vipele vyekundu kifuani na mgongoni, vikamwasha mpaka akajikuna kwa gunzi la hindi. Viungo vikamuuma. Mkojo ukapungua, na ule uliotoka ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Topista alitazama kidonda, akaona kimepona, akatazama ngozi, akaona imeharibika, na akauliza swali ambalo mtoto angeuliza: kama kidonda kimepona na mtu anazidi kuumwa, ni nini kingine kimeingia mwilini mwake tangu siku ile? Aliwaambia wote waliokuwa nyumbani, Déo akiwemo, "Hii dawa nakataa yeye. Tazama ngozi. Wacheni dawa, tumupeleke Mbarara."

Walimpa mgongo. Mke wa kabila jingine, mwenye Kiswahili cha kambini, atajua nini? Mwenye duka aliitwa, akaja na mkoba wake, akatangaza kwamba vipele ni vijidudu vinavyotoka nje kwa hasira na kwamba homa ni dalili ya dozi ndogo. Akamwongezea vidonge vile vile, na juu yake sindano za jamii ile ile. Mtu ambaye mwili wake unapiga kelele kwamba hautaki kitu fulani, akaongezewa kitu hicho kwa njia mbili. Namdharau mtu yule, na nasema hivyo mbele ya jeneza bila kupunguza neno.

Topista alichukua vidonge vilivyobaki, akavitupa chooni. Déo alimkuta. Alikimbia nje na kuita watu, na maneno yake mengi mliyasikia kwa masikio yenu: "Tumemukuta anatupa dawa mu choo! Bibi mwenye anapenda bwana yake anatupa dawa? Huyu amemukulisha sumu, sasa anaogopa asipone."

Basi, ikawa karuho. Ninyi wa kwetu mnaijua karuho. Kwa wenyeji wa hapa nitaeleza. Ni sumu ambayo watu wa Kivu husema inatiwa katika chakula au kinywaji, ikamla mtu polepole. Kwa sababu ya hofu hiyo, kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja yeye kwanza mbele yako, ndipo akupe. Topista hakulelewa hivyo. Kwao mgeni hupewa maziwa yake, na mwenye nyumba hapeleki mdomo wake kwenye kikombe cha mgeni. Kwa miaka minane alitupa chai bila kuionja, na kwa miaka minane tuliinywa na kuomba ya pili. Déo aliinywa kuliko wote. Siku ya vipele ndipo akakumbuka kwamba haikuonjwa. Alisimama uani akaeleza jambo hilo kama hakimu, akiwa na afya njema na tumbo la mtu aliyekula vizuri nyumba ile ile.

Nataka mfahamu kwamba marehemu mwenyewe hakuamini habari ya sumu hata siku moja. Lakini alikuwa mgonjwa, na walikuwa wengi. Tarehe 26 Aprili walimchukua kwa pikipiki mpaka kwa Kayumba, yule mganga wa kutapisha karuho aliye upande wa pili wa makazi haya. Topista alifuata kwa miguu, akazuiwa kwenye uzio, maana mlishaji sumu akisogea dawa hupoteza nguvu. Kayumba alimnywesha ndugu yetu chupa baada ya chupa. Alimtapisha mpaka hakuna kilichobaki cha kutapika, kisha akamwonyesha Déo ndani ya beseni kitu cheusi na kusema ndiyo hiyo karuho imetoka. Mimi nilikuwepo. Kilikuwa ganda la haragwe.

Nilimuuliza Kayumba katika chupa kuna nini. Hakuficha, watu wa namna yake hawafichi, hujisifu. "Dawa yangu iko na nguvu mingi," alisema, "kwa sababu mu chupa moja natia ya mizizi na ya muzungu. Nafungua vile vya rangi mbili, namwaga unga yake mule." Ndiyo, mmesikia sawasawa. Mke alitupa sumu chooni, na ndugu wakampeleka mumewe mahali inapochanganywa na mizizi na kunyweshwa kwa kikombe.

Uso ulivimba, macho yakawa mistari. Miguu ilivimba hata viatu vya mpira vikakataa kuingia. Mkojo ukawa kama umekatika. Pumzi ikawa fupi. Déo na wenzake walikaa kwenye kivuli wakisema karuho inapigana kabla ya kutoka. Topista hakubishana nao tena. Alikwenda Masha, na tarehe 5 Mei alirudi na baba yake ndani ya gari la jirani lililozoea kubeba ndizi. Mzee Byaruhanga ana zaidi ya miaka sabini na goti moja halikunji. Aliingia kwa Kayumba bila kubisha hodi, akasema, "Lete mugonjwa. Mimi hapana kuja hapa kuongea." Wale waliokuwa wakipigana na karuho kwa ujasiri mwingi walitawanyika wote, na mzee na Patient wakambeba Constantin mpaka garini. Déo alikumbuka ghafla kwamba ana kazi shambani.

Hospitalini Mbarara walimpima damu na mkojo. Daktari aliyemshughulikia ni mwanamke kijana, mtulivu. Alieleza kwa Kinyankore, na Topista akatutafsiria. Déo, ambaye siku ya pili alipata nafasi ya kuja, alisema tafsiri hiyo haiwezi kuaminika kwa sababu imepita katika kinywa cha mshitakiwa. Kisha akaondoka kabla ya kusikia zaidi. Kwa hiyo nilimwendea daktari peke yangu, nikamwomba aniambie kwa Kiswahili chochote alicho nacho. Alicheka kidogo, akasema anacho cha polisi tu. Nilimwambia kinatosha. Alisema: "Dawa ile hapana mubaya. Watu mingi nakunywa, napona. Lakini mwili ya huyu nakataa, na figo navimba. Sumu hapana. Kama naacha dawa siku bibi nasema, labda figo napona yenyewe. Sasa nachelewa."

Nimewasomea neno kwa neno, pamoja na makosa yake, ili asije mtu akasema nimeyapamba. Figo zilivimba kwa kuikataa dawa. Hutokea kwa wachache, haitabiriki, na si uchawi. Tiba yake ya kwanza ni kuiacha dawa hiyo, jambo ambalo hata mjinga anaweza kulifanya. Ilihitaji juhudi ya watu wengi wenye sauti kubwa ili lisifanyike. Kutapishwa kulimkausha mwili na kuzimaliza figo zilizokuwa zimebaki na uhai kidogo.

Madaktari walimpa dawa za kutuliza uvimbe na wakaanza kutafuta namna ya kumpeleka Kampala kwenye mashine ya kusafisha damu. Alikuwa dhaifu mno kwa safari. Topista alimlisha, alimwogesha, alimpulizia maneno sikioni kwa sauti ya juu hadi wodi nzima ikajua bei ya mahindi na tabia za mbuzi wao. Wagonjwa wengine walilalamika kidogo, kisha wakaanza kuuliza habari za mbuzi.

Siku moja kabla ya mwisho, Topista alipokwenda kuchemsha uji, marehemu alinishika mkono. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alizungumza kwa sauti ndogo. "Dada," alisema, "Topista alikataza ile dawa tangu mwanzo. Miye nilijua anasema kweli. Niliimeza kwa sababu niliogopa Déo atasema natawaliwa na bibi. Usikubali bamufukuze ku nyumba."

Niliumia kuyasikia hayo, na ninaumia kuyasoma. Ndugu yangu alikuwa mtu mwema, na alikufa kwa aibu ndogo ya kiume ambayo ninyi wanaume mliosimama hapa mnaifuga kila siku na kuiita heshima. Wangapi kati yenu mngemeza? Naona mnatazama chini.

Constantin Mugisho alifariki dunia tarehe 15 Mei 2014, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, hospitalini Mbarara, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mkewe.

Mwili ulikuwa bado haujafika Nakivale, na Déo alikuwa ameshatia kufuli jipya kwenye mlango wa mashine na jingine kwenye mlango wa nyumba. Alimtuma mtu kumwambia Topista kwamba baada ya mazishi arudi Masha na nguo zake, na kwamba udongo wa kaburi usiguswe na mkono wake. Aliniomba pia, kwa upole, nisiandike jina la Topista kati ya waliobaki, nisije nikaiaibisha familia. Nimelifikiria ombi hilo. Sijui aibu gani bado haijatufikia.

Marehemu ameacha mjane, Topista. Nalisoma mara ya pili kwa ajili ya wenye masikio mazito: marehemu ameacha mjane, Topista, binti Byaruhanga, mke wake wa ndoa, mama wa mtoto wake, mwenye nyumba na mwenye mashine. Ameacha mwana, Patient, ambaye amechagua kukaa na mama yake huyu wa pili na ataendesha mashine. Ameacha binti, Angella. Ameacha baba mkwe ambaye ndiye mwanamume pekee aliyefanya jambo la maana katika habari hii yote. Ameacha dada, mimi. Ameacha pia mdogo wake, Déo. Ni ndugu, nimemwandika, sina la kufanya.

Makufuli yale mawili tumeyakata kwa msumeno leo asubuhi, kabla ya ibada, mimi na Patient. Yako hapa ndani ya mkoba wangu. Mwenyewe akiyahitaji anaweza kuja kuyachukua sasa hivi, mbele ya watu, na aeleze alikuwa anamfungia nani.

Naona haji. Basi, Topista, mke wa ndugu yangu, njoo mbele. Udongo wa kwanza ni wako. Anayeogopa mkono wake asogee nyuma; uwanja ni mpana, na kwa Kayumba bado wanapokea wageni.

Na Mungu ampe Constantin lile pumziko ambalo ndugu zake hawakumpa.